Jaribio Lililopita Mara ya Nne

Maiti ilikuwa chini kabisa ya shimo la lifti, uso umeelekea ukutani. Lifti yenyewe ilikuwa imesimama juu yake, taa ya ndani ingali inawaka. Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuchukua muda mrefu. Fundi alikuwa akifanya kazi shimoni, mpangaji wa ghorofa ya juu akaingia ndani ya lifti na kubonyeza kitufe cha kushuka, lifti ikashuka.

Kilichobaki ni nani wa kubebeshwa lawama, na kwa hilo wakubwa huwa hawapotezi muda. Mdogo wake marehemu, fundi mwenzake, alitiwa mahabusu hata kabla hajanawa grisi mikononi.

"Alama za vidole vyako ziko kwenye swichi ya ukaguzi," Inspekta alimwambia.

"Lazima ziwepo. Mimi ndiye niliyeiwasha. Ikishawashwa, lifti haisogei hata ubonyeze vitufe vyote."

"Ilisogea."

"Basi waulizeni walioandika programu yake."

"Wanasema uliizima."

"Wanasema uongo."

"Wapangaji waliwasikia mkigombana asubuhi."

"Tuligombana nani ashuke shimoni. Nilitaka kushuka mimi. Kaka akasema mdogo hatangulii hatarini yeye akiwapo." Akaisukuma mbali karatasi ya maelezo. "Sisaini. Nifungeni mkitaka. Kusema nimemuua kaka yangu, sisaini."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, na kituoni walimwita Rudia, kwa kuwa kila mtuhumiwa alimfanya asimulie kisa chake upya, kisha akalinganisha masimulizi. Huyu alimrudisha mwanzo hadi kijana akakaukiwa mate. Kisa kilibaki kilekile. Rudia akamwamini, na alipomwamini mtu alikuwa mgumu kama kisiki.

"Mshtaki leo," Mkuu wa Upelelezi alimwambia kwenye korido. "Kampuni imeleta ripoti. Majaribio yote ya programu yamepita."

"Ripoti ya kampuni kuhusu kampuni, mkuu?"

"Usinianze."

"Nimeshaanza."

Ofisi za kampuni zilikuwa na zulia jipya na baridi ya kiyoyozi iliyoingia hadi kwenye mifupa. Mkuu wa Programu alimpokea kwa kahawa na tabasamu, akamgeuzia kompyuta.

"Hapa hatupekui mafaili, afande. Tuna msaidizi wa akili mnemba. Tumempa zana ya kumchotea taarifa za majaribio: lipi liliendeshwa, nani aliliendesha, limepita au limefeli. Wewe unamuuliza tu." Akaandika swali. Jibu likatokea: *Jaribio la swichi ya ukaguzi limepita.* "Umeridhika?"

Inspekta alikuwa akitazama meza tupu karibu na dirisha. "Nani anakaa pale?"

"Mpimaji wetu wa zamani wa programu. Nilimwachisha kazi. Kila ukimpelekea kitu, jibu lake ni hapana. Msaidizi anatosha."

"Jaribio likifeli mnafanyaje?"

"Tunaliendesha tena. Mara nyingi huwa ni mtandao tu."

"Mpaka lipite?"

Akacheka kidogo. "Ndivyo tunavyofanya kazi hapa."

Rudia akavuta kiti. Watu aliowahoji walikuwa wamemfundisha kwamba anayebadilisha jibu hachukuliwi kwa jibu lake la mwisho.

"Mwambie alete mara zote jaribio hilo lilipoendeshwa."

"Haiwezekani. Zana imepangwa imletee mara ya mwisho tu."

"Nani aliyeipanga?"

Mkuu wa Programu akasogeza kikombe chake cha kahawa.

"Ipangue."

"Nitahitaji ruhusa ya mwanasheria wetu."

"Mimi ninayo ya hakimu," Inspekta alisema, akaiweka mezani.

Mkuu wa Programu aliipanga upya zana, akiandika taratibu, utadhani kibodi ile ameiona leo. Jibu lilikuja papo hapo. Msaidizi hakuwa na la kuficha. Hakuna aliyewahi kumpa zana inayoona zaidi.

*Mara ya kwanza: limefeli. Lifti imeshuka ilhali swichi ya ukaguzi imewashwa. Mara ya pili: limefeli, sababu hiyohiyo. Mara ya tatu: limefeli, sababu hiyohiyo. Mara ya nne: limepita. Kabla ya mara ya nne, hatua ya kubonyeza kitufe cha kushuka iliondolewa kwenye jaribio. Aliyeiondoa: Mkuu wa Programu.*

Hebu fikiria. Wanapima kama lifti itagoma kushuka, na hakuna anayeiambia ishuke. Hata kabati la nguo lingepita jaribio hilo.

"Ulijua," Inspekta alisema.

"Nilidhani ni hitilafu ndogo."

"Rudia."

"Nilidhani ni..."

"Rudia, na safari hii nitazame usoni."

Kahawa ilikuwa imepoa. Mwanamume yule alifunika macho kwa viganja. "Nilijua. Lilipofeli mara ya pili nilishajua."

"Kwa nini hukurekebisha?"

"Sehemu ile ya programu aliyeielewa ni mpimaji peke yake. Alinionya kabla sijamwachisha. Ningelazimika kumpigia simu. Na nilishawaambia wakurugenzi wote hatumhitaji, kwamba mimi na msaidizi tunatosha. Ningeanzaje kumpigia?"

"Kwa kubonyeza namba zake," Inspekta alisema, akatoa pingu. Mtu mzima amekufa kwa sababu mwingine aliona aibu kupiga simu.

Kituoni, mdogo wake marehemu alisikiliza yote akiwa amesimama. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Programu hiyo iko kwenye majengo mangapi?"

"Mengi. Kampuni inasubiri wakurugenzi wakutane."

"Na watu wanapanda?"

"Wanapanda."

Akaomba arudishiwe mkoba wake wa spana.

"Huna mamlaka ya kuzima lifti za watu," Mkuu wa Upelelezi alisema. "Subiri amri ya mahakama."

"Kaka yangu aliiamini swichi yao, mzee. Mimi nakata umeme kwa mkono wangu. Mkitaka kunirudisha ndani, mtanikuta huko." Akatoka bila kugeuka nyuma.

Inspekta alichukua funguo za gari la polisi mezani.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Nakwenda naye. Wakipiga simu kulalamika, mkuu, waambie leo wapande ngazi."