Bustani ya Babu Katika Skrini ya Kaka

Kila asubuhi ya likizo, kabla hajanywa chai, Chinatsu aliwasha gemu yake ya mkononi na kumwagilia bustani. Haikuwa bustani ya udongo. Ilikuwa ndani ya gemu, na aliyeianzisha ni marehemu Babu Yasuo, majira ya baridi alipokuwa akikaa kwao mjini Omiya kwa matibabu. Humo babu alijenga nyumba yake ya kijijini Iwate, akapanda na mti wa matunda ya kaki uani. Alifariki maua yalipoanza kuchanua, na bibi hakuwahi kuiona.

"Nitaiona siku za Obon, babu yako atakaporudi kututembelea?" bibi aliuliza kwenye simu. Obon ni sikukuu ya kiangazi ambayo roho za marehemu huaminika kurudi nyumbani kwao. "Shambani alikuwa mvivu kama paka. Nataka nione hilo jembe la kwenye gemu."

Macho ya bibi yalikuwa yamefifia. Kioo kidogo cha gemu kisingemfaa, na televisheni yake ilikuwa ya zamani mno. Chinatsu akajibu, "Utaiona, bibi. Nitakuja na skrini kubwa."

Skrini hiyo ya kubebeka, nyembamba kama daftari, ilikuwa mali ya kaka yake Takuma, kijana asiyependa vitu vyake viguswe. Asubuhi ya safari, Takuma akiwa kwenye mazoezi ya besiboli, Chinatsu aliichukua kwenye droo yake, akaitia begini pamoja na waya mweupe aliouona mezani. Alijiambia kwamba atamweleza baadaye. Takuma na baba wangefuata siku ya mwisho ya Obon.

Ndani ya treni ya mwendo kasi, mama aliposinzia, Chinatsu aliegemeza skrini kwenye meza ya kiti, akaiunganisha na gemu ili ajaribu. Skrini ikawaka rangi ya bluu, na maneno yakatokea: Hakuna picha. Akachomoa, akachomeka tena. Akageuza ncha za waya. Akasukuma kwa nguvu hadi kidole kikamuuma. Ghafla gemu ikazimika, na skrini nayo ikawa nyeusi tii.

"Binti, nikuangalizie?" aliuliza mzee aliyeketi ng'ambo ya ujia, mkononi ana tonge la wali. "Mimi hivi vitu navijua kidogo."

"Hapana, samahani kwa usumbufu," Chinatsu alijibu, akiinamisha kichwa. "Iko sawa tu."

Mama, aliyekuwa ameamka na kudhani skrini ile ni sehemu ya gemu, akatabasamu. "Vizuri, mwanangu. Tusiwasumbue watu."

Chinatsu akageukia dirishani ili uso wake usionekane. Mashamba ya mpunga yalipita, na yeye hakuyaona.

Kwa bibi alichaji gemu, ikawaka, na bustani ilikuwapo. Lakini skrini ya Takuma iligoma vilevile. Hakuna picha. Chinatsu alikuwa na hakika ameivunja. Bibi alikuwa ameshatandika mto wa kukalia karibu na madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya babu na kifarasi cha tango cha kuileta roho yake nyumbani, akiacha nafasi ya kuweka skrini.

"Vipi, leo?" bibi aliuliza.

"Bado inajiandaa, bibi. Kesho."

Kesho yake akasema hivyo hivyo.  Jioni alifumba macho mbele ya uvumba, akaomba skrini ipone, na ndani yake akasikia kwamba anaomba huku ameshika kitu cha mtu mwingine.

Siku moja kabla ya kuiaga tena roho ya babu, mama alikuwa kwenye simu na Takuma. Uso wake ulibadilika. "Rikuto? Yule rafiki yako? Una hakika ni yeye aliyeiba? Na umemwambia hivyo mbele ya timu nzima!"

 Rikuto alikuja kwao siku moja kabla ya safari, akala tikiti maji, akamtania Chinatsu kuhusu meno yake. Sasa aliitwa mwizi. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe.

"Mama, nipe simu," alisema.  "Kaka... si Rikuto. Ni mimi. Skrini ninayo huku. Na nimeivunja."



"Chi, umenifanya nimtukane mwenzangu," Takuma alisema. "Unajua alilia?"

"Nisamehe."

"Uliunganisha kwa waya gani?"

"Mweupe. Wa mezani."

"Huo ni wa kuchaji tu! Unapitisha umeme, haupitishi picha. Skrini ilikuwa inanyonya betri ya gemu yako, basi. Waya wa picha ni ule mnene, uko kwenye mfuko wangu wa shule." Akavuta pumzi, na alipoendelea sauti yake ilikuwa imepasuka. "Ungeniuliza, ningekupa. Ningekuja kuunganisha mwenyewe. Kwani alikuwa babu yako peke yako?"

 Baadaye Chinatsu alimpigia Rikuto, akakiri yote na kuomba radhi. Rikuto alisema, "Nimesikia," akakata simu.

Siku ya mwisho Takuma alifika na baba, akiwa na waya mnene. Hakumsalimu dada yake. Aliunganisha skrini na umeme wa ukutani, kisha na gemu, na nyumba ya babu ikatokea, kubwa na angavu. Bibi alisogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Huyu mtu!" alisema. "Ameweka mlango nyuma ya nyumba! Amekaa humu maisha yake yote, hajui mlango uko wapi!" Alicheka, na machozi yakamtiririka. Takuma naye akageuka, akajifuta kwa mkono wa shati.

Chinatsu alipiga magoti mbele ya picha ya babu. "Nisamehe, babu," alinong'ona, tena na tena.

Bibi akamshika bega. "Inatosha, mjukuu wangu. Babu yako amekwisha kusikia. Kutosumbua watu ni adabu, lakini ukiitumia kuficha kosa, huo ni uongo uliovalishwa nguo za sikukuu, na mzigo wake hubebwa na asiye na hatia. Ukitaka kitu, omba. Ukikosea, sema mapema. Na msamaha usiuombe kwa marehemu pekee. Rikuto yu hai, na mlango wake unaujua."

Waliporudi Omiya, Chinatsu hakufungua begi kwanza. Alikwenda kwa kina Rikuto, akasimama mlangoni, akapiga hodi.