Apu ya Tunu na Mtoto Aliyeitwa Babu

Nikikwambia apu ya simu ilimkataa mtoto mbele ya soko zima, utaamini? Utasema natunga. Haya, cheka kwanza, ukimaliza nisikilize. Ilitokea Mbagala, mchana kweupe, na aliyeitengeneza hiyo apu yuko darasa la sita!

Kila Jumamosi, Tunu akishaosha vyombo na kufagia uwanja, anakimbilia chumba kimoja nyuma ya soko. Humo yumo dada mmoja, watoto wanamwita sista Zoya. Kwao wana duka la vifaa vya umeme Buguruni, lakini Jumamosi yeye anakuja Mbagala na begi la vishikwambi kuwafundisha watoto kutengeneza apu, yaani programu za simu. Usidhani wanaandika mambo magumu. Wanaburuta vipande vya rangi kwenye kioo na kuvipachika kama matofali: mtu akibonyeza hapa, simu ifanye vile.

Tunu sasa, kwa maswali!

"Sista, simu inajuaje kama imekosea?"

"Haijui kitu," sista Zoya akamjibu. "Inafanya ulichoiambia tu. Ukiiambia upuuzi, itafanya upuuzi kwa adabu zote."

Apu ya Tunu iliitwa Kapatikana. Unajua soko lilivyo, watoto wanapoteaga kila mara. Kwa hiyo ukimwokota mtoto, unaandika jina lake, jina la mama yake na mahali wanapokaa. Ukibonyeza, ujumbe unaenda kwenye simu za wauzaji wote. Ila rafiki yake Praygod alikuwa anaichezea. Kwenye jina anaandika "Mama", mara "Babu", halafu anacheka peke yake. Tunu akaona isiwe tabu. Akapachika kipande cha kukataa majina kama mama, baba, bibi na babu.

"Haya, leta utani wako tena!"

"Ah, umenikomesha," Praygod akasema.

Sista Zoya alifurahi. "Safi sana. Lakini kabla hujawawekea watu, kaijaribu kwa watoto wadogo wenyewe. Kaa nao chini, waulize, uone wanajibu nini. Wewe siyo mtoto aliyepotea, Tunu."

Wiki hiyo Tunu alishinda anabadilisha rangi za vitufe. Bluu, hapana. Kijani, hapana. Jumamosi ikafika.

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu, sista."

Praygod akamwangalia Tunu, kisha akaangalia viatu vyake mwenyewe. Basi, apu ikawekwa kwenye simu ya Mzee Bakari, kiongozi wa soko, na kwenye simu za wauzaji.

Jumamosi iliyofuata, wakiwa wanaanza kipindi, Mzee Bakari akatokea mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tunu, beba mtambo wako, kuna mtoto analia kwenye vitunguu! Nimewaambia asiende mtu msikitini kutangaza. Leo tunaenda kisasa!"

Wote wakatoka mbio, na sista Zoya nyuma. Wakamkuta mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Watu wamemzunguka. Tunu akachuchumaa na kishikwambi chake.

"Unaitwa nani, mdogo wangu?"

"Babu."

Tunu akaandika. Kioo kikawa chekundu: ANDIKA JINA LA KWELI.

"Jina lako lingine?"

"Babu!"

"Mama anaitwa nani?"

"Mama." Chekundu tena.

"Mnakaa wapi?"

"Kwetu."

Sasa hapa nisikilize vizuri. Mtoto wa watu hakuwa anatania. Si unajua, mtoto akipewa jina la baba mkwe, mama hawezi kulitaja hovyo. Ni heshima. Basi mtoto anaitwa Babu mpaka anaanza shule. Hata kwao Tunu kuna binti mdogo anaitwa Bibi, na bado ananyonya! Tunu analijua hilo tangu utoto wake. Wakati anapachika vipande, hakulikumbuka kabisa.

"Vipi, imeshatuma?" Mzee Bakari akauliza.

Praygod akamnong'oneza Tunu sikioni, "Sema mtandao umekata. Nani atajua?"

Tunu akamwangalia mtoto, kamasi zinamtoka. Mahali fulani mama yake anahangaika, labda anaelekea barabara kubwa yenye malori. Na hakuna aliyetangaza, kwa sababu wote wanaisubiri apu.

"Mzee, mtandao upo," akasema. "Apu yangu ndiyo mbovu. Nilisema nimeijaribu kwa watoto, sikuijaribu. Tafadhali, tuma mtu msikitini sasa hivi."

"Ndo maana mie siaminigi mambo ya watoto!" muuza vitunguu akafoka. Lakini ndiye huyo huyo aliyekimbia msikitini.

Muda si mrefu spika ikatangaza: kapatikana mtoto wa kiume, anaitwa Babu. Wee! Wakaja akina mama mbio, kila mmoja ana Babu wake. Wanamtazama mtoto, wanashusha pumzi, "Siye wangu, alhamdulillahi," wanaondoka. Mama mwenyewe hakutokea.

Tunu hakuondoka. Akajiuliza, hivi mtoto mdogo anajua nini hasa?

"Babu, nyumbani kwenu kuna nini?"

Mtoto akanyamaza kulia. "Kuna mashine, inasema ngrrrr! Na bata. Bata anamng'ata Mama."

Watu wakacheka. Tunu akageuka haraka. "Sista! Simu si inarekodi sauti?"

"Inarekodi."

Akakitoa kile kipande cha kukataa majina, akaweka kitufe cha kurekodi. Vidole vinaruka! Mtoto akarudia maneno yake, Tunu akabonyeza. Soko zima wauzaji wakafungua ujumbe, na simu moja baada ya nyingine ikasikika sauti ndogo: "Bata anamng'ata Mama."

Mwisho kabisa wa soko, karibu na barabara, ambako malori yanaizima sauti ya spika, mwanamke mmoja alikuwa analia anawauliza madereva. Simu ya muuza nyanya ikaongea pembeni yake. Akaruka. "Mwanangu huyo! Huyo bata wetu!"

Alifika anahema, kanga mkononi. Jina lake Mauwa. Alimkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika anabanwa.

Watu walipotawanyika, sista Zoya alimwita Tunu.

"Kukosea kupachika vipande ni kawaida, hata mie nakosea kila siku. Lakini ulisema umeijaribu, watu wakakuamini, wakaacha kutangaza. Hapo ndipo mtoto alipokuwa hatarini. Ukitengeneza kitu cha watu, nenda kwa watu hao, wasikilize. Na ukiharibu, sema mapema kama ulivyosema leo. Ukweli wako ndio uliotupa nafasi ya kurekebisha."

"Nisamehe, sista."

"Nimekusamehe. Kesho tunaanza na watoto wa mtaani kwenu."

Haya, na wewe unayesoma. Umesimama katikati ya soko, watu wote wanakutazama, na rafiki yako anakunong'oneza useme mtandao umekata. Ungesemaje?