Nilikalishwa Juu ya Betri Nikiwa na Nguo za Msiba

Mimi ni mjane mwenye umri wa miaka hamsini na minane, mkazi wa Bukavu. Nilianza shule nikiwa na miaka thelathini na mitatu, katika darasa la watu wazima la parokia, na haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sitafuti huruma ya mtu. Naandika kwa sababu hivi karibuni, kwenye kituo cha magari yaendayo Nyangezi, nilimwona mama akipanda na mtoto juu ya magunia asiyoyajua… Usiku huo sikulala.

Ilikuwa Jumanne baada ya Jumapili ya Matawi, mwaka wa pili wa vita vya pili. Mume wangu alikuwa amezikwa Novemba iliyotangulia, nami bado nilikuwa katika nguo nyeusi. Kwa desturi ya ukoo wake, nilipaswa kuzivaa mpaka mwaka utimie, zikiwa nzima.

Marehemu alikuwa fundi wa umeme wa magari. Alipotuma betri safarini, aliisimamisha wima ndani ya sanduku la mbao, akaikaza kwa kamba isicheze, akafunika vichwa vyake viwili vya kufungia nyaya kwa vipande vya mpira wa tairi. Hakuruhusu chakula wala mtu karibu nayo.

"Hii iko maji yenye kukula," aliniambia. "Inakulaka chuma, weye itakuacha?"

Mdogo wake, yaani shemeji yangu, alifanya kazi naye gereji moja. Aliyajua yote hayo. Likumbukeni jambo hilo.

Siku zile betri ilikuwa ya kuogopwa kwa sababu nyingine pia. Ndiyo iliyoendesha foni, zile redio za kuzungumza na watu wa mbali, na aliyekamatwa nayo barabarani alihesabiwa kuwa anawapelekea maadui umeme wa foni. Watu walipotea kwa jambo hilo.

Shemeji alikuja kunialika mimi na binti yangu twende Nyangezi kumsalimu mama yake. Nilifurahi kwamba bado nilikumbukwa. Tulipofika kwenye kamionete, gari dogo la mizigo, yeye mwenyewe alinichagulia gunia.

"Mama Neema, ikala hapa na mutoto. Ni maharagi tu, iko laini kuliko kiti ya padri."

Abiria walicheka. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Mji ulipokwisha kubaki nyuma, nilihisi unyevu. Nilimnong'oneza Neema, binti yangu wa miaka sita, nikamuuliza kwa nini hakuomba kuteremka ajisaidie.

"Si miye, maman. Mapaja inaniwasha."

Nilipapasa gunia. Chini ya tabaka jembamba la maharagwe palikuwa na kitu kigumu chenye kona, kimelazwa ubavu. Na ile harufu kali… ndiyo iliyokuwa katika koti la kazi la marehemu! Nilimtazama shemeji. Alitikisa kichwa polepole, akaweka kidole mdomoni.

Mbele yetu ilikuwa barieri, kizuizi cha askari barabarani.

Ndugu wasomaji, ningefanya nini? Kusema kulikuwa kujikabidhi kwa watu wenye bunduki. Kunyamaza kulikuwa kumwacha mtoto wangu aungue kando yangu… Askari alipanda, akawa anachoma mizigo kwa fimbo ya chuma, gunia kwa gunia. Alipotufikia aliona nguo nyeusi, akainamisha macho, akaliruka gunia letu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Shemeji hakuhitaji mtu wa kumsindikiza. Alihitaji mjane wa kufunika mzigo.

Neema alikuwa analia bila sauti. Nilisimama naye.

"Afande, chini yetu iko betri. Inamwangika. Naomba maji ya mutoto."

"Betri ya nani?"

Kabla sijafungua kinywa, shemeji alijibu, "Ni yake. Miye namusindikiza tu."

Alisema hivyo… mtu aliyelishika jeneza la mume wangu!

Askari alinigeuza. Kitenge changu kilikuwa kimetoboka nyuma, kinadondoka vipande vipande. Alikitazama, akamtazama mtoto, kisha akamcheka shemeji kicheko kilichonitisha kuliko bunduki yake.

"Iko maman gani atakalisha mutoto wake juu ya asidi, na anajua? Shuka, bwana mukubwa. Tuonyeshe njia ya wale unaipelekea."

Walitumwagia bidoni ya maji, dumu zima, na nyingine, na nyingine tena, mpaka Neema akaanza kutetemeka. Shemeji walimpeleka nyuma ya kibanda. Sisi tuliruhusiwa kuendelea. Yeye, mpaka leo, hatujui alikolazwa.

Novemba iliporudi, ukoo ulisema nimemwuza shemeji, tena nimevunja msiba kwa kuacha nguo iharibike. Siku ya kuvua nguo nyeusi nilikwenda na kitenge kilekile, nikakitandaza sakafuni mbele yao, Neema akiwa amesimama kando na makovu yake. Walikuwa wamejiandaa kwa maneno mengi. Mama mkwe, aliyewazaa wote wawili, ndiye aliyeinama, akakikunja taratibu, akaingia nacho chumbani. Hakurudi tena kukaa nasi siku hiyo.

Nawasihi. Betri isafiri imesimama, imefungwa, vichwa vyake vimefunikwa, mbali na chakula, na dereva ajue anachobeba. Maji mengi yawepo garini. Nawe mama, kabla hujakaa juu ya gunia la mtu, hata awe wa nyumbani kwako, lipapase kwanza kwa mkono wako. Akikukataza, shuka na mtoto wako. Tembea kwa miguu.