Ripoti ya Msomaji Aliyezikwa

Ripoti ilifika Jumatatu asubuhi, na aliyeiandika alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

"Nimesoma makala hii nikiwa nimesimama," ilianza, na Mratibu wa jarida akairudia sentensi hiyo mara mbili. Chuo kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyeanza ripoti zake hivyo. Profesa, mlezi wa jarida lao la uhusiano wa kimataifa, alikuwa na mgongo mbovu. Alisoma kila kitu amesimama dirishani, na hakuacha kumkumbusha mwandishi kwamba ameteseka kwa ajili yake. Siku ya mazishi Mratibu ndiye aliyemshika mkono mjane. Aliuona kwa macho yake udongo ukiingia kaburini.

Alitazama anwani ya mtumaji. Ilikuwa ya Profesa, na tarehe ilikuwa ya jana.

Kwa kawaida asingeiona anwani hiyo. Jarida liliendeshwa na wanafunzi wa shahada za juu katika chumba cha mwisho wa korido, chenye meza mbili na printa iliyofanya kazi ikijisikia. Ripoti za wasomaji hupitia kwa Mhariri, kijana wa uzamivu, naye huziondolea majina kabla hajampa Mratibu. Lakini tangu Ijumaa mfumo ulikuwa umegoma, na ripoti zilikuwa zikiangukia kwenye barua pepe ya ofisi.

"Ikataliwe," ripoti ilimalizia. "Mwandishi hawezi kumfanya shangazi yake shahidi wa mkataba wa nchi mbili. Huu ni umbea wa ukoo, si utafiti."

Mwandishi alikuwa msichana waliyemwita Mpakani, kwa kuwa alikaa mwaka mzima mpakani akiwahoji madereva wa malori. Ijumaa hii asipoonyesha makala iliyokubaliwa, ufadhili wake unakatwa na masomo yameisha. Msomaji wa kwanza alishaikubali. Huyu wa pili ndiye aliyebaki. Mratibu aliishi na Mpakani chumba kimoja, na usiku kucha alikuwa amemsikia akilia bafuni, bomba amelifungua ili asisikike.

Saa nne Mratibu alikuwa kwa fundi wa kompyuta.

"Usinitazame hivyo, dada," fundi alisema. "Nywila za watu mimi sizijui. Nazibadilisha tu wakizisahau, na wanazisahau kila siku."

"Basi nani ameingia kwenye akaunti ya marehemu?"

Fundi alibonyeza hapa na pale. "Iko wazi kwenye kompyuta ya nyumbani kwake. Haijazimwa tangu afariki."

"Na kwingine?"

"Imefunguliwa hapa chuoni pia. Lakini mtandao wetu ni mmoja kwa wote, siwezi kujua ni nani." Akakisogeza kiti chake nyuma, mbali na kioo cha kompyuta. "Mambo hayo mimi siyagusi. Nina watoto."

Mratibu alimdhania fundi kwa muda wote wa kushuka ngazi, kisha akaona hapana. Mtu anayeogopa namna ile hawezi kujifanya maiti. Ikabaki ile kompyuta ya nyumbani.

Saa nane mchana mjane alifungua mlango kabla Mratibu hajabisha hodi.

"Umekuja kumwona?" aliuliza.

"Kumwona nani, mama?"

"Mwanangu, usinifanye mtoto. Pita."

Chumba cha kusomea kilikuwa kama kilivyoachwa. Viatu vya ndani vya Profesa vilikuwa chini ya dirisha, vimeelekea nje, kana kwamba miguu bado imo. Kompyuta iliwaka. Kando yake palikuwa na kikombe cha chai kikitoa mvuke.

"Siku akija, huanza mchana, nikishaosha vyombo," mjane alisema. "Maneno yanajiandika yenyewe. Mimi nakaa hapa, simsumbui. Nisingekwambia, lakini wewe ulinishika mkono."

Mratibu alitamani kukimbia. Alijua kurasa za mtandaoni hufunguliwa popote na mwenye nywila, na anachoandika huko huonekana papo hapo huku, lakini kujua hakukumwondolea hofu. Alipiga moyo konde akakaa. Je, ni mama huyu mwenyewe, kwa uchungu tu, anayemwandikia mumewe? Ripoti ya jana ilikuwa bado kwenye kioo. Aliisoma upya, polepole, akakwama kwenye neno shangazi.

Kila makala, kabla ya kwenda kwa wasomaji, huoshwa majina ya watu na dalili zote za mwandishi. Mwoshaji ni Mratibu. Ya Mpakani aliiosha mwenyewe: aliifuta shukrani kwa shangazi wa mwandishi, ofisa wa forodha, na kote ndani akaacha "ofisa wa forodha" tu. Mjane asingeweza kumjua shangazi huyo, wala Profesa, awe hai au mzimu. Nakala isiyooshwa ilionwa na watu wawili ofisini. Mmoja ni yeye.

Afadhali ungekuwa mzimu, aliwaza, na machozi yalimlenga.

Alimwandikia Mhariri kwa simu: "Kaka, Mpakani amekata rufaa. Kamati ya jarida inataka msomaji wa pili afafanue leo hii, la sivyo ripoti yake inawekwa kando."

"Sawa, dada. Nitamjulisha," Mhariri alijibu.

Walingoja. Chai iliacha kutoa mvuke. Kisha, juu ya kioo, herufi moja ikatokea, na nyingine, na nyingine. *Nimesoma rufaa hii nikiwa nimesimama.* Mjane alitabasamu, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti kitupu.

"Karibu, baba," alisema taratibu.

Mratibu akampigia Mhariri. Maneno yakasimama ghafla, neno likiwa nusu.

"Haloo? Dada?"

"Samahani, nimebonyeza vibaya." Akakata. Neno likamaliziwa, likaja jingine. Akapiga tena. Maneno yakasimama tena.

Mkono wa mjane ulitoka kwenye kiti.

"Mama, naomba nimwite aje hapa."

Mjane alikirudisha kiti mezani. "Mwite," alisema.

Mhariri alifika akitweta, akidhani mama anaumwa. Alipoona kioo, uso ulimshuka.

"Umejuaje?" aliuliza.

"Shangazi. Nilimfuta mimi. Aliyempinga alikuwa amesoma nakala yenye majina."

"Si ungeniuliza kwanza?"

"Ungenidanganya, kaka."

"Tasnifu yangu inasema mkataba ule umefungua mpaka. Miaka minne ya kazi. Huyu binti anakuja na ofisa anayeeleza kwamba geti halijawahi kufunguliwa hata siku moja. Makala yake ikitoka, mimi nimekwisha."

"Na ukaona umsingizie maiti?"

"Nani angembishia Profesa? Akaunti yake bado imo kwenye mfumo, na majina nayafuta mimi. Mgongo wake ulipozidi kumuuma, yeye alitamka, mimi nikaandika. Nywila alinipa mwenyewe." Alijifuta uso. "Sikuhitaji hata kumwigiza. Nikikaa tu, sauti yake inakuja. Siku nyingine niliogopa kusoma nilichoandika."

Mratibu alimwonea huruma, akakasirika kwa kumwonea huruma. Alimpa simu. Akiwa palepale amesimama, Mhariri aliiandikia kamati: ripoti ya pili ni yangu, ifutwe, makala ihukumiwe na msomaji wa kwanza, nami naacha uhariri. Mratibu alisoma kila neno, kisha akabonyeza kutuma. Mpakani angelala usingizi leo.

Hapo tu ndipo Mhariri alipopata ujasiri wa kumgeukia mjane. "Mama, nisamehe. Sikujua kwamba huku kuna mtu anaangalia."

Mjane alikichukua kikombe, akakiweka mbele yake.

"Kila ulipokuja nilikuandalia chai," alisema. "Kaa unywe."

Mhariri alikaa kwenye kile kiti, akainywa yote, baridi vilevile, mama akiwa amesimama kando yake. Alipomaliza, mjane aliinama akaizima kompyuta. Kisha akaviokota vile viatu vya dirishani, akavipakata, na ndipo akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi.