Orrin na Kura za Machi

Kila Machi, utomvu mtamu unapoanza kutiririka kwenye miti, Orrin Tatro hatoki bandani mwake. Anauchemsha mchana kutwa mpaka uwe shira. Ukiuacha dakika kumi tu, sufuria inaungua. Bonde zima linajua hilo.

Machi hiyohiyo ndipo mji huchagua bodi ya shule. Orrin alikuwa hajapiga kura hiyo kwa miaka kumi na tisa. Sasa bodi ilitaka kuifunga shule ndogo iliyo karibu na banda lake. Mjukuu wake Delphine, mwenye miaka sita, angepanda basi saa nzima kila asubuhi. Orrin alikosa usingizi kwa hilo.

Mwezi wa Januari jirani yake, Bernadette Coutu, alikuja na karatasi. Mama huyo alikuwa amestaafu baada ya kuwa karani wa mji kwa miaka ishirini.

"Tia sahihi, Orrin. Tunataka uchaguzi wa bodi uhamie Novemba."

Orrin hakuigusa karatasi. "Nani kakutuma?"

"Miguu yangu."

"Kuna mtu anakula hapa. Tarehe imekaa miaka yote hiyo, leo inawawasha nini?"

"Machi iliyopita walipiga kura watu tisini na wanne, kati ya mia nane. Wewe ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikuwa wapi."

"Na wanaotaka kufunga shule wanajua pia."

Hilo Orrin hakuwahi kulishuku, yeye anayeshuku kila kitu.

"Novemba tunamchagua gavana," Bernadette akaendelea. "Watu watakuwa wamekuja tayari. Watachagua na bodi papo hapo."

"Kwa kelele zile za vyama? Watatia alama ovyo."

"Wapo watakaofanya hivyo, sikudanganyi. Ndiyo maana usome habari za wagombea mapema. Lakini kwanza mji wenyewe ukubali. Tutaipigia kura hoja hii Machi."

"Machi! Si nilisema? Mtego."

"Si mtego, mzee. Nenda kwa karani uombe karatasi ya kura mapema. Ijaze nyumbani, tia sahihi kwenye bahasha, uirudishe kabla ya siku yenyewe kwisha."

"Na nani ataifungua bahasha yangu?"

"Kuhesabu kura ni wazi kwa wote. Mtume mkeo. Lucille ana macho kukushinda."

Orrin akatia sahihi, baada ya kuisoma mara tatu. Machi akapiga kura kwa bahasha, na Lucille akakaa hadi kura ya mwisho ilipohesabiwa. Hoja ilipita, na uchaguzi wa bodi ukahamia Novemba ya mwaka huohuo.

Novemba Orrin alipanga foleni. Alipewa karatasi, akaigeuza. Majina ya bodi yalikuwa nyuma. Siku hiyo walipiga kura watu mia sita na kumi na wawili, na bodi mpya ikaiacha shule wazi.

"Sasa unaniamini?" Bernadette akamuuliza mlangoni.

"Hata. Ila nilisoma pande zote mbili."

Machi iliyofuata Delphine alipita mbele ya banda, akienda shule kwa miguu. Orrin alimpungia mkono bila kuiacha sufuria yake.