Nguvu Tisa

Punguzeni hiyo redio kwanza, niwasimulie ya Theodosia.

Mwaka ule wa sabini na nne alikuwa mpishi wa misheni, huku huku Kibondo. Jioni moja alikuwa anampelekea mwalimu Bazilio chakula kwenye chumba cha redio, ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Miaka miwili nyuma alikuwa amevuka mto Malagarasi na mtoto mgongoni, wanakimbia mauaji ya Burundi. Mumewe, Havyarimana, alibaki kufungulia mbuzi. Alisema atawafuata.

Hakufuata.

Wakwe wakasema anyoe nywele, matanga yaishe. Theodosia akagoma. Atanyoaje, na hakuna aliyeona maiti?

Sasa redio ile ya padri siyo ya kusikiliza muziki. Ilikuwa ya kuongea na watu wa mbali, kwa kupenda tu. Mtu akiita, unamwambia umempata kwa nguvu ngapi. Moja ni mnong'ono. Tisa ni kama mmekaa jiko moja. Padri alikuwa amekwenda Kasulu, akamwachia Bazilio asikilize na kuandika daftarini. Lakini alimkanya. Kitufe cha kuvuta mawimbi kikae kwenye alama ya chaki. Ukikizungusha mpaka mwisho mshale unapanda, mtu wa mbali unamwona wa karibu, unampa namba ya uongo. Na ile swichi ya kubana, asibane sana. Kelele zinapungua, ndiyo, ila sauti za watu wote zinakuwa moja.

Theodosia akaingia na sahani. Jua lilikuwa limeshazama. Redio inachemka yenyewe... shhhh... shhhh... Chumba kinanuka vumbi la moto.

Ndani ya zile kelele kukawa na mtu.

"Nasikika?"

Kirundi kile. Bazilio akaandika: nguvu moja.

Theodosia akaweka sahani chini. Akamwambia mwalimu kwamba huyo anaongea kama watu wa kwao, amsogeze kidogo. Bazilio akamtazama uso, huruma ikamshika. Akazungusha kitufe kupita chaki, mpaka mwisho. Akabana swichi, kelele zikafa. Sauti ikabaki peke yake, nyembamba, haina kifua.

"Nasikika?"

Mshale ukapanda mpaka tisa.

Kwetu, mtu akikuita saa za magharibi na humwoni, huitiki. Unangoja ajitaje. Jina humpi wewe, alitaje mwenyewe. Theodosia alilijua hilo tangu anatambaa. Lakini miaka miwili ni mingi. Akabonyeza kidude cha kuongelea, kama alivyozoea kumwona padri.

"Ni wewe, Havyarimana?"

Kimya...

Kama mtu anayeonja kitu mdomoni.

"Ego, ndiyo," ikasema. "Ni Havyarimana. Unanipata kwa nguvu ngapi?"

Bazilio akamshika mkono. "Dada, usimjibu. Hiyo siyo nguvu yake. Ni mimi nimefungua mno."

"Tisa," Theodosia akanong'ona. "Kama uko jikoni kwangu."

"Haya. Nakuja."

Bazilio akarudisha kitufe kwenye chaki. Kelele tupu. Mshale umelala. Ila chumbani kukaja harufu ya udongo mbichi, kama shimo limechimbwa sasa hivi.

Padri aliporudi akasoma daftari, akamgombeza Bazilio. Alisema ni mtu tu huko mbali, hafifu, pengine anatania, na kitufe kimemfanya jirani. Theodosia akaitikia ndiyo, padri. Lakini kila jioni akawa anapakua sahani moja zaidi.

Wiki ya tatu akaja Ndihokubwayo, mdogo wake Havyarimana, kwa miguu kutoka ng'ambo. Alikataa maji, akakaa chini. Akaeleza kwamba kaka yake alikufa siku ile ile waliyokimbia, na yeye ndiye aliyemzika kwa mikono yake, nyuma ya migomba. Hakuwa na njia ya kuleta habari.

Basi Theodosia akanyoa. Akalia mpaka akawa mwepesi. Sasa alikuwa anajua, na kujua kulimpumzisha. Watu wakajaa uani.

Siku ya pili ya msiba akapita Mwamvua, yule mama wa chumvi aliyekuwa anatembea na mzigo kati ya Kasulu na Kibondo. Alipoambiwa kafa nani, akacheka kidogo.

"Shoga, matanga ya nini? Mumeo nimekutana naye jana njiani. Kajitaja mwenyewe, Havyarimana. Ila sauti yake, sijui ana mafua, kama yuko ndani ya bomba."

Ndihokubwayo akatua kikombe. Akauliza mtu huyo alitaka nini.

"Anamtafuta mpishi wa misheni. Njia haijui, maskini."

Mwamvua akakiona kichwa cha Theodosia kilichonyolewa. Sauti ikamshuka.

"Nimemwelekeza."