Mkono Ulio Kwenye Gia

Ptuu! Nisameheni, nimetema mate kabla ya salamu. Kila nikilianza jambo hili mdomo unanijaa maji. Naitwa Mwanamkuu, kazi yangu ni kuosha maiti wa kike hapa Kilindoni, na mwosha hana kinyaa cha ovyo. Nimeosha waliotolewa baharini wameliwa na kaa, nikarudi nyumbani nikala wali wangu vizuri tu. Lakini gari la Hafidhi lilinitapisha.

Hafidhi ni mtoto wa mdogo wangu, kwa hiyo ni mwanangu. Ananunua pweza kwa wavuvi, anawapeleka Dar. Siku alipolishusha gari lake bandarini ilikuwa asubuhi njema, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Likaja linanguruma, jeusi, gari la mashindano la watu wawili, limelala chini hata tumbo linakwaruza mchanga wa uani kwangu.

"Shikamoo mama mkubwa! Ingia basi nikutembeze!"

"Marahaba. Niingie wapi, mvunguni?"

Akacheka. Mkewe Shamsa hakucheka. Alikuwa mjamzito, tumbo ndiyo kwanza linaonekana. Udereva alijifunza Dar kwa gari la kaka yake, gari la otomatiki, na alimsihi sana mumewe anunue la namna hiyo ili naye aweze kuliendesha. Yeye akaleta la gia za mkono.

"Otomatiki ni gari la wagonjwa na wanawake," Hafidhi akasema. "Mwanamume anapanga gia mwenyewe. Klachi, gia, mafuta! Bila hivyo huendeshi, umepakiwa kama gunia."

"Na mimi je, siku nikipatwa na jambo haupo?" Shamsa akauliza.

"Utanipigia simu."

Jibu gani hilo? Nikamtazama, nikaendelea kukuna nazi yangu.

Kulikuwa na mtu wa bara, Costantine, muuza saruji na mabati, naye ana gari la mashindano, la otomatiki. Jumamosi jioni wakawa wanashindana kwenye lami ya Utende, watu wazima na ndevu zao. Hafidhi akashindwa. Wakarudia, akashindwa tena. Costantine akamwambia mbele ya vijana wa bodaboda, "Kaka, wewe bado unatafuta klachi, mwenzako gari limeshabadili gia lenyewe." Vijana wakacheka hadi wakashika matumbo. Tangu siku hiyo Hafidhi hakula wala hakulala vizuri. Mwanamume mzima anaumwa ugonjwa wa gia!

Bi Safia, mama yake Shamsa, alikuja kutoka Ndagoni kukaa na binti yake. Nyumba ya Hafidhi na Shamsa iko kandoni mwa barabara ya Utende, mbali na majirani. Ijumaa moja, wanaume wote wako msikitini na bodaboda zao, Bi Safia akaanguka jikoni. Mdomo ulipinda. Hafidhi alikuwa amevuka bahari kwenda Bwejuu kwa pweza wake, simu haishiki. Funguo za gari zilining'inia msumarini.

Shamsa akamburuta mama yake hadi kiti cha kushoto, akamfunga mkanda. Akawasha. Gari likaruka mara moja, likazimika. Akawasha tena, likaruka, likazimika. Hospitali si mbali, jamani! Bi Safia, ulimi mzito, akanyoosha mkono wake akaushika mti wa gia pamoja na mkono wa mwanawe, wakawa wanausukuma wote wawili. Gari halikutoka hata uani. Watu waliporudi kutoka swala walimkuta Shamsa bado anawasha, na mama yake ameshakufa, vidole vimeing'ang'ania gia. Nikaitwa mimi, ikabidi nivibandue kimoja kimoja.

Nikamwosha mimi. Kwetu chini ya kitanda cha kuoshea huchimbwa ufuo, shimo la kupokea maji ya maiti. Na mwosha hagusi siri za maiti kwa mkono mtupu. Huvingirisha kitambaa mkono wa kushoto, akasafisha nacho yale ya kusafishwa. Ukimaliza, kitambaa kinafukiwa humo humo ufuoni, maana wapo watu, laana iwashukie, wanaovitafuta vitambaa hivyo kwa uchawi. Nilikifukia. Nikakanyaga udongo kwa miguu yangu.

Kesho yake nikaukuta ufuo umefukuliwa. Nikamlaani mbwa.

Haukupita muda, Hafidhi akaanza kushinda. Costantine akiachwa nyuma mpaka vumbi linatua. Mji mzima unamsifu, na mwanangu anatembea kama njiti ya kibiriti, mwembamba, macho ndani. Akaja kwangu siku moja mchana. Nikamtengea wali na mchuzi wa samaki.

Akala kwa mkono wa kushoto.

"Hafidhi! Mkono wa chooni huo!"

Hakunisikia. Mkono ulikuwa umejikunja ngozi, mweupe, kama wa mtu aliyeloweka nguo kutwa. Kucha zilikuwa za buluu. Akachota mchuzi, akalamba vidole, na kati ya vidole nikaona nyuzi za pamba. Pamba mbichi. Harufu ikanifikia. Karafuu maiti, ile tunayowatia wafu, juu, na chini yake uvundo wa haja. Nikaisukuma sahani ile hadi uani. Kuku wakaikimbilia, wakanusa, wakaondoka.

"Umefanya nini?" nikamnong'oneza.

Alitazama mlangoni kwanza. "Mganga aliniambia mkono wangu mzito, mama mkubwa. Akasema nitafute mkono mwingine."

"Mkono wa nani?"

"Wa aliyekufa ameshika gia."

Nikanyanyuka nikaenda kwenye gari lake. Mti wa gia ulikuwa umevishwa ngozi mpya, imeshonwa kwa uzi mweusi. Nikaigusa. Ilikuwa na unyevu. Ilikuwa na joto. Na ndani ya ngozi ile kitu kikajigeuza taratibu, kama mtu anavyoshika vizuri.

Nilitapika palepale, juu ya gurudumu lake. Astaghfirullahi! Kumbe si mbwa aliyefukua ufuo! Kitambaa cha siri za mkwewe ndicho kilichoshonewa humo! Mama aliyemkosesha gari la kumpeleka hospitali, hata kitambaa cha ufuo amemwibia, akaenda kushindania nacho! Nimeosha wachawi, nimeosha walevi, sijapata kuona uchafu wa namna hiyo.

"Kirudishe ufuoni leo. Yule mama hajapumzika."

"Jumamosi hii tu, mama mkubwa. Nimshinde mara ya mwisho."

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi akaenda.

Yaliyotokea nimeyapata kwa Costantine mwenyewe, Mkristo wa watu, alikuja hadi kwangu. Anasema walitoka pamoja. Hafidhi akamwacha. Mwisho wa mashindano Hafidhi hakusimama. Gari likageuka peke yake, likarudi kuja Kilindoni, likampita Costantine ubavuni.

"Mama, nilimwona. Mikono yake yote miwili ilikuwa inapiga kioo."

"Basi nani alikuwa anabadili gia?"

"Ndiyo hiyo, mama. Gia zilikuwa zinabadilika."

Gari lilipita nyumbani kwake halikupunguza. Lilipita soko. Likasimama mbele ya lango la hospitali, sawasawa, likazima. Safari ya Bi Safia hiyo, ile iliyomshinda.

Hafidhi walimtoa hai, ila akili haikurudi yote. Mkono wa kushoto ulikuwa na alama za vidole vilivyoubana. Daktari alisema nyama ya mkono ule imekufa zamani, akashangaa mtu aliutumiaje. Wakaukata. Harufu yake, wanasema, ilikaa wodini hata baada ya kupiga deki.

Nikachukua kisu, nikaenda kuipasua ile ngozi nikitoe kitambaa nikizike, mama wa watu apumzike. Niliipasua yote. Ndani mlikuwa na chuma kitupu, kimelowa. Kitambaa hakikuwemo. Nikarudi nyumbani nikasugua mikono kwa ndimu na majivu, na hadi leo wali siuli kwa raha.

Juzi alasiri nipo barazani, nikasikia ngurumo. Gari likaingia uani polepole, laini, bila kuruka. Nyuma ya usukani, Shamsa. Mkono wa kulia kwenye usukani. Wa kushoto ameulaza tumboni, tumbo limeshakuwa kubwa.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Nani kakufundisha klachi, mwanangu?"

"Hakuna. Mimi nashika usukani tu." Akatabasamu, tabasamu la mtoto aliyebebwa. "Si ndiyo otomatiki niliyoitaka?"

Nikatazama kiti cha kushoto. Hapakuwa na mtu. Mkanda ulikuwa umefungwa, umekaza. Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa.

"Shamsa. Liuze gari hili. Leo hii."

"Nimuuze mama?" Hakukasirika. Alisema kwa sauti ndogo, asije akasikiwa. "Uchungu ukinishika, yeye ndiye atakayenipeleka. Ameniahidi."

Mkono wake haukutoka tumboni. Mti wa gia ukasogea wenyewe, pole pole, gari likarudi nyuma, likageuka, likaenda zake.

Pale mlango wa kushoto ulipokuwa, mchanga ulikuwa umelowa. Katikati ya maji kulikuwa na kipande cha pamba, kimeviringishwa vizuri. Nikainama nikakitazama. Nakijua. Ndicho nilichomtia Bi Safia puani, kwa mkono wangu huu, kabla hatujamfunga sanda.